Kuandaa chumba cha kupanga na chakula cha akiba kabla mtoto hajafika

Wadada, maswali ni yale yale kila wiki. Nipake rangi mwezi wa ngapi, kitanda cha mtoto ni lazima au la, maharage yanagandishika, moshi wa mkaa una shida gani, nikitoka hospitali nitakula nini wakati mama yuko mkoani na mume anarudi saa mbili usiku. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja, ukiulizwa na mwenzio umpe.

Nimeandika kwa mtu wa chumba na sebule za kupanga hapa Dar, joto lake, umeme wake wa kukatika na bajeti yake. Ukiwa Njombe au Arusha kwenye baridi utaongeza mablanketi, mengine ni hayo hayo.

Kubwa kuliko yote ni mpangilio. Kazi za harufu na vumbi zinatangulia, kupika kunafuata, mapambo yanakuja mwisho kabisa. Wengi wanageuza, wanaanza na mashuka mazuri na maua ya ukutani mimba ikiwa na miezi mitano, alafu wiki ya 38 ndo wanakumbuka ukuta una ukungu na freza haina kitu.

Unachohitaji kabla hujaanza

- Kadi yako ya kliniki, sababu tutahesabu wiki kutoka hapo
- Mtu wa kukusaidia mikono, mume, mdogo wako, jirani, yeyote anayeweza kupanda juu ya stuli na kubeba ndoo, maana wewe hutapanda wala hutabeba
- Rangi ya maji, kopo la lita 4 linatosha kona ya mtoto
- Neti yenye dawa
- Kontena 12 hadi 15 zenye mifuniko, hata zile za aiskrimu ukiziosha vizuri (mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, usihangaike kuitafuta)
- Maka peni na tepu ya karatasi
- Stuli ya kukalia jikoni
- Beseni jipya la mtoto
- Friji yenye freza, yako au ya jirani mnayeelewana. Kama hamna kabisa usikate tamaa, kwenye hatua ya 6 nimeweka njia ya bila friji

Hatua ya 1: Hesabu wiki zako na uzigawe

Chukua kadi, angalia tarehe ya matarajio, rudi nyuma. Rangi na ukungu viishe kabla ya wiki ya 30. Neti na nguo wiki ya 30 hadi 33. Kupika akiba wiki ya 34 hadi 36. Begi liwe tayari wiki ya 36. Usipange kitu chochote cha maana baada ya wiki ya 37, maana kuanzia hapo mtoto anaweza kuja siku yoyote na mgongo wenyewe utakuwa hautaki.

Hatua ya 2: Shughulikia ukungu na hewa

Vyumba vingi vya kupanga vina ule ukuta wa nyuma ya kabati unaotoa weusi kila masika. Usipake rangi juu yake, utarudi ndani ya miezi miwili. Sogeza kabati kiganja kizima kutoka ukutani, ukuta usuguliwe kwa maji ya sabuni, ukauke kwa feni na madirisha wazi siku mbili tatu ndo mpake. Anayesugua sio wewe. Na kama msaidizi wako anatumia jiki, mwambie asichanganye na dawa ya choo hata kidogo, vikikutana vinatoa gesi inayochoma mapafu, hiyo ni hatari kwa kila mtu ndani ya nyumba sio kwa mjamzito tu.

Kama maji yanaingia kutoka nje, bomba linavuja au bati limetoboka, ongea na mwenye nyumba mapema na kwa upole. Mwambie unategemea mtoto, wengi wanasikiliza.

Hatua ya 3: Paka rangi, ila wewe ukae mbali

Hapa ntakaa kidogo sababu niliumia mwenyewe. Mimba yangu ya kwanza tulipaka rangi ya mafuta nikiwa na miezi nane, chumba kimoja, tukalala humo humo usiku ule ule sababu hatukuwa na pa kwenda, niliumwa kichwa na kutapika mpaka alfajiri na ile hofu ya kuweka mkono tumboni nikisubiri mtoto acheze siisahau mpaka leo. Alicheza, namshukuru Mungu. Lakini hakukuwa na sababu ya kupitia vile.

Kwahiyo:

a) Nunua rangi ya maji, sio ya mafuta. Ya mafuta inahitaji tina na harufu yake ndo ile inayokaa siku na siku. Muulize muuzaji kama rangi haina madini ya risasi, soma na kopo lenyewe.

b) Usikubali fundi apige msasa rangi ya zamani ukiwa ndani, na mtoto mwingine yeyote asiwepo. Rangi za zamani nyingi, hasa za mafuta, zina madini ya risasi, vumbi lake linaingia kwenye damu ya mama na kumfikia mtoto tumboni, na linaharibu ubongo unaokua. Kama rangi ya zamani imeshika vizuri haibanduki, iachwe, ifutwe na kitambaa kibichi alafu ipakwe juu yake.

c) Mpake asubuhi, madirisha na mlango wazi, wewe nenda kwa dada au kwa mama mkubwa ulale huko usiku mmoja au miwili. Hiyo safari ndogo ni sehemu ya kazi, iweke kwenye bajeti kabisa.

d) Rangi yenyewe chagua ya mwanga, krimu, kijani cha kupauka, njano nyepesi. Chumba cha Dar chenye dirisha moja kikipakwa rangi nzito kinakuwa giza na kinaonekana kina joto zaidi. Usisubiri kujua jinsia, kijani kinamkubali mtoto yeyote.

Hatua ya 4: Neti na sehemu ya kulala

Kabla ya pazia na maua, hii. Malaria kwa mjamzito inashusha damu na inafanya mtoto azaliwe na uzito mdogo, kwahiyo neti ni yako sasa hivi, sio ya mtoto akija. Ukiitoa kwenye pakiti itundike kivulini masaa 24 kabla ya kulalia ili ile harufu kali ipungue. Ikichafuka ifuliwe kwa sabuni ya kawaida na ikaushwe kivulini, jua kali linaua dawa, na usiiloweke usiku kucha. Zile dawa za malaria wanazokunywesha kliniki (SP) endelea nazo pia, neti haichukui nafasi yake.

Kitanda cha mtoto sio lazima. Nasema tena, sio lazima. Mtoto anahitaji sehemu tambarare na ngumu kiasi, godoro dogo lisilobonyea, shuka lililobana, analazwa chali, ndani ya neti, chumba kimoja na wewe. Basi. Ile seti ya kitanda inayouzwa na mito ya kuzunguka pembeni, ki-duveti kinene na midoli, inapendeza kwenye picha lakini mtoto mchanga akigeuza uso kwenye mto laini hana nguvu ya kujitoa. Kama umeshanunua au umezawadiwa, tumia shuka, mito pambia kiti cha sebuleni.

Mkilala naye kitanda kimoja, asiwe katikati yenu na asiwe karibu na mito, na kama baba anavuta sigara au amekunywa siku hiyo mtoto alale pembeni kwenye godoro lake.

Feni isimpige moja kwa moja, ielekeze ukutani.

Hatua ya 5: Nguo, na ile ishu ya naftalini

Nguo za mtoto, mpya au mtumba, zote zifuliwe, zianikwe juani, zipigwe pasi pande zote mbili mpaka kwenye mishono. Pasi sio urembo, kuna inzi anataga mayai kwenye nguo zenye unyevu na funza wake anaingia kwenye ngozi.

Sasa naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini. Mama zetu wameweka miaka yote kwenye kanga za akiba na nguo za watoto, na najua mtu ataniambia mbona sisi tulikua salama. Kuna watoto wanazaliwa na upungufu wa G6PD, kitu kinacholinda chembe nyekundu za damu, na huku kwetu kwenye malaria, hasa pwani, sio wachache. Mtoto wa aina hiyo akivalishwa nguo iliyokaa na naftalini chembe zake nyekundu za damu zinavunjika, anakuwa wa njano vibaya, na kwa kumwangalia huwezi kujua kama anao upungufu huo au hana. Kwahiyo usiweke kabisa. Kama kanga zimetoka kwenye sanduku la bibi zinanukia, zifue, zipige jua na hewa mpaka harufu iishe yote ndo zimfikie mtoto. Kwa mende tumia usafi na kontena zilizofungwa.

Udi nao, tunaupenda, lakini moshi ni moshi. Kama lazima ufukize nguo zako, fanya nje, na za mtoto ziache.

Hatua ya 6: Kupika akiba

Kwanza usalama wa jiko lenyewe. Jiko la mkaa halipikiwi ndani ya chumba kilichofungwa, na haliingizwi ndani usiku eti liishie humo humo, ile hewa yake haina harufu na inaua familia nzima usingizini. Pikia nje au kibarazani. Kama una gesi, paka povu la sabuni kwenye mpira na regyuleta, ukiona mapovu yanavimba kuna sehemu inavuja. Gesi ya mtungi ni nzito inakaa chini, kwahiyo ukisikia harufu funga mtungi, fungua mlango, usiguse swichi ya taa.

Sasa chakula. Usipike siku moja vyote, utaumia. Gawa siku nne au tano, kila siku kitu kimoja, ukiwa umekaa kwenye stuli. Kuchagua mchele, kumenya, kukata, vyote umekaa na miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

*Siku ya maharage.* Loweka kilo 2 usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha mpaka yaive kabisa, usiweke nazi wala kuunga. Yapoze haraka kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, gawa kwenye kontena za mlo mmoja mmoja, acha nafasi ya kidole juu sababu yakiganda yanatanuka. Tui unaweka siku ya kula, ukiligandisha linakatika.

*Siku ya rojo.* Vitunguu, nyanya, kitunguu saumu, karoti, kaanga kwa mafuta kidogo mpaka nyanya ziive zikauke. Gandisha kwenye vikontena vidogo. Hii ndo itakuokoa kuliko zote, sababu mume anayejua kuchemsha tu akichanganya rojo na maharage ameshapika.

*Siku ya supu.* Kuku wa kienyeji au nyama ya mifupa, chemsha na tangawizi na chumvi kidogo, gandisha nyama na mchuzi wake. Kwa mtori usigandishe ndizi, gandisha hiyo nyama na supu, siku ya kula mnanunua mshare mnazichemsha na kuponda, dakika 40 imeisha. Na kwa sisi wa pwani, saga pilipili manga yako ya uji wa uzazi uiweke kwenye chupa kavu, isije ikasagwa na wewe ukiwa na kidonda.

*Siku ya chapati.* Zichome nusu, zisitoe rangi, weka karatasi kati ya chapati na chapati. Kama mgongo umekataa siku hiyo iruke.

Kila kontena bandika tepu, andika jina na tarehe. Chakula kisikae nje zaidi ya masaa mawili kabla ya kuingia kwenye friji. Tumia ndani ya miezi mitatu. Ukitoa pasha mpaka kichemke kabisa, na kilichoyeyuka usikirudishe kuganda.

Bila friji: dagaa waliokaangwa bila mafuta wakakauka, kunde na choroko kavu, karanga za kukaanga, unga wa uji, mchele uliochaguliwa tayari, mayai, ndizi na viazi unavyonunua kidogo kidogo. Alafu panga na majirani watatu, kila mmoja siku yake ya kuleta chungu. Usione aibu kuomba, wataomba na wao.

Na wewe mwenyewe unakula nini wakati unapika vyote hivyo? Mboga za majani, dagaa na maharage kwa ajili ya damu, ukiambatanisha na chungwa au ndimu mwili unachukua madini ya chuma vizuri zaidi. Chai ya rangi na kahawa vinazuia, vinywe mbali na chakula na mbali na vidonge vya damu, saa moja hivi. Nyama na mayai viive mpaka ndani, maziwa ya kununua kwa lita yachemshwe, kachumbari ioshwe kwa maji salama. Maini watu wanasema kula kila siku uongeze damu, hapana, yana vitamini A nyingi sana na ikizidi inamdhuru mtoto tumboni. Muulize nesi wako kabla.

Hatua ya 7: Mapambo

Sasa ndo pazia, na fupi tu. Pamba nyepesi, ifuliwe kabla ya kutundikwa ili vumbi la dukani litoke. Kapu la ukili kwa nguo ndogo, kanga nzuri kwenye fremu au imetandazwa ukutani, mkeka safi pembeni ya kitanda wa kukalia ukinyonyesha, na taa ndogo ya mwanga hafifu ya usiku. Kitu chochote kizito kisitundikwe juu ya anapolala mtoto. Anayepigilia misumari ni msaidizi.

Hatua ya 8: Begi

Kadi ya kliniki, kanga safi doti tatu au nne, pedi kubwa, pamba, glavu, mpira wa kulalia, wembe mpya na uzi wa kitovu kama kliniki yako imekuagiza, nguo za mtoto seti tatu, kofia, soksi, beseni, sabuni, chaja, kikombe na chupa ya chai. Waulize kliniki orodha yao wenyewe maana kila sehemu ina yake. Wanja usiweke, mwingi una risasi, mtoto hauhitaji.

Makosa ninayoyaona sana

Kupanda kwenye kiti kutundika pazia sababu mume amechelewa. Uzito wa mwili umehama, mizani yako sio ile ya zamani, acha pazia lisubiri.

Kununua nguo nyingi za saizi ndogo kabisa. Seti sita zinatosha, mtoto anakua.

Kununua maziwa ya kopo na chupa za akiba "ikitokea". Maziwa yako yanatosha miezi sita ya kwanza bila hata maji, hiyo hela nunua kuku.

Kupuliza dawa ya mende chumba kizima wiki ya mwisho.

Mambo yakienda kombo

*Umeme umekatika na freza imejaa.* Usiifungue. Freza iliyojaa ikiwa imefungwa inashika baridi kama masaa 48, iliyo nusu kama 24. Kilichobaki na barafu ndani pika siku hiyo hiyo, kilicholainika kikapata joto mwaga, usionje.

*Harufu ya vitunguu inanitapisha.* Mwingine akaange wewe ukiwa nje, ww fanya za kuchemsha. Pika asubuhi jua halijachacha.

*Kiungulia kila nikila.* Kula kidogo kidogo mara tano, punguza pilipili na mafuta, usilale ndani ya masaa mawili baada ya kula.

*Vidonge vya damu vinanifanya choo cheusi na kigumu.* Cheusi ni kawaida, usiache vidonge. Maji, papai, mboga za majani, ukishindwa mwambie nesi.

*Natamani pemba (ule udongo wa kutafuna), udongo, vumbi la mvua.* Hauko peke yako na usijifiche. Mara nyingi damu iko chini, na udongo wenyewe unaweza kuwa na minyoo na risasi. Sema kliniki wakupime damu, na mfukoni weka karanga au karoti ya kutafuna ile hamu ikikamata.

*Nimechelewa, nina wiki 37 na sijafanya chochote.* Fanya neti, begi, rojo na maharage, kwa mpangilio huo. Rangi achana nayo mwaka huu.

Na ukiwa katikati ya kazi yoyote kati ya hizi ukaona damu, maji yamepasuka, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, uso na mikono vimevimba ghafla, homa, au mtoto amepunguza kucheza, acha sufuria hapo hapo nenda hospitali, usisubiri asubuhi wala usisubiri mume arudi. Namba ya dereva wa bajaji au teksi anayekubali kuamka usiku iandikwe kwa maka peni kwenye mlango wa friji leo hii, na jirani ajue iko pale.